Keji ya Mark II: shajara ya mchomelea mageti

Jumamosi, 11 Januari

Mpwa wangu kafika saa mbili asubuhi, nyuma yake guta limebeba mabomba manne ya maji, yale meupe ya inchi moja na nusu. Anataka keji ya gari lake la mbio, ile fremu ya mabomba ndani ya gari inayomkinga dereva likipinduka. "Shikamoo mjomba. Mali hiyo hapo, tunaanza lini?" Nikaitikia, nikalichungulia bomba moja kwa tochi, nikamwambia ayarudishe dukani leo leo, kabla hata moja halijakatwa.

Amenuna, na namwelewa. Kwa macho bomba lile ni nene kuliko ninalolitaka mimi; kipenyo cha nje kinafika milimita 48. Lakini ni bati lililoviringishwa likaunganishwa ubavuni, na ule mshono unauona kwa ndani kama kovu. Limetengenezwa libebe maji. Gari likibiringika, bomba hupigwa upande usioutegemea, na likifunguka pale kwenye mshono linageuka mkuki ndani ya gari. Halafu ule weupe ni zinki. Ukiichomelea inatoa moshi unaoleta homa. Mwaka mmoja nilichomelea stendi ya tangi la maji kwa mabomba ya namna hiyo, chumba kimefungwa, usiku nikatetemeka hadi mke wangu akaniandalia dawa za malaria. Zinki hiyo hiyo ikiingia kwenye mshono unaochomelewa, unabaki na vitundu kama mkate.

Mimi natengeneza mageti na magrili hapa Unga Limited, Arusha, mwaka wa kumi na saba sasa. Keji ya gari la mbio sijawahi kuitengeneza. Ndiyo maana naandika kila hatua, ili mchomeleaji mwingine atakayeletewa mabomba ya maji na mpwa wake ajue pa kuanzia.

Gari lenyewe ni Toyota Mark II, toleo la GX100. Injini yake ya lita mbili ilishatoka, imekaa 1JZ-GTE ya turbo, lita mbili na nusu. Desemba lilikimbia robo maili, mita 402, kwa sekunde 12.3. Mbio iliyofuata, likiwa kwenye kama kilomita 180 kwa saa, mkia ukatoka. Lilizunguka mara mbili likasimama kwenye majani bila kugusa kitu. Ndani hamkuwa na bomba hata moja, na mkanda ulikuwa ule ule wa kiwandani. Dada yangu aliiona video kwenye simu ya jirani. Hakumpigia mwanawe. Alinipigia mimi.

Sasa kijana anafunga turbo kubwa zaidi, anataka kushuka chini ya sekunde 11. Kanuni za NHRA, chama cha mbio hizi huko Marekani, zinasema gari kama hili likikimbia kati ya sekunde 11.49 na 10.00 liwe angalau na tao moja la chuma nyuma ya dereva. Likishuka chini ya 10, au likifika maili 135 kwa saa, yaani kilomita 217, lazima keji kamili. Kwa hesabu hiyo tao lingetosha. Nimekataa. Mpwa wangu hajawahi kuishia pale alipoahidi kuishia, na kuja kukata kazi ya zamani ili uongeze mpya ni kazi mara mbili. Tunajenga keji kamili sasa hivi. Sijaombwa cheti na mtu, lakini nitafuata vitabu vya wenyewe.

Ijumaa, 17 Januari

Ndani pamebaki bati tupu. Siti, kapeti, kitambaa cha paa na dashibodi vimetoka kwa siku tatu. Betri nimeitoa, na kontroli boksi pia, maana umeme wa kuchomelea ukipita humo unaiua. Tangi la mafuta limeshushwa, liko nje, mbali na cheche.

Sakafu ya gari hizi ina lami ya kuzuia kelele. Nimeikwangua kwa tindo siku nzima, na chini yake nikakuta kile nilichokiogopa: kizingiti cha mlango wa kushoto kimeoza kwa ndani. Nilikigonga kwa nyundo ndogo, mbele kikaitikia kwa sauti ngumu, nyuma kikaitikia kama kopo. Mtu huiona keji kama kitu kinachojitegemea. Nguvu yote inayopita kwenye mabomba inaishia sakafuni, na sakafu hii bati lake halifiki milimita moja. Ikiwa imeoza, siku ya siku bomba linaitoboa kama kisu kwenye papai, na keji inashuka juu ya dereva. Nimekata hadi nikafika kwenye chuma king'aacho, nimeweka kiraka cha milimita mbili.

Jumamosi, 25 Januari

Leo tumepima kichwa cha mtu tangu asubuhi hadi alasiri.

Nilidhani nitaanza na mabomba, nikagundua kwamba huwezi kukata hata sentimita moja kabla hujajua dereva atakaa wapi. Siti kwanza, keji baadaye. Kanuni inataka tao kuu lipande angalau inchi 3 juu ya helmeti, sawa na sentimita 7.6, na lisiwe nyuma ya kichwa zaidi ya inchi 6, sentimita 15. Nimekata tao la mfano kwenye maboksi ya friji, nikalisimamisha kwa kamba na pima maji. Kijana akakaa kwenye siti ya mbio akiwa na helmeti na viatu vyake vya mbio.

Kati ya helmeti na boksi zilipita sentimita mbili na nusu. Ni mrefu kama baba yake, na paa la Mark II liko chini.

Tumetoa reli za siti, nikaunda vishikizo vya chuma vya kuifunga siti sakafuni moja kwa moja, tukaishusha sentimita sita. Boneti bado anaiona. Sasa tuna sentimita 8 na nusu juu ya helmeti na kama 10 nyuma yake. Nimepiga alama za chaki sakafuni na nimemwambia kuanzia leo asiongezee siti hata mto.

Hapo ndipo tulipokwaruzana. Aliuliza lini atalichukua gari, maana anataka kuendelea kwenda nalo kazini. Nikamwambia hili gari kazini haliendi tena. Bomba la chuma litakuwa sentimita nane kutoka kichwani. Ukiwa na helmeti, umefungwa mikanda ya pointi sita, bomba hilo ni kinga yako. Ukiwa kichwa wazi na mkanda mmoja wa begani, ukigongwa tu na hiace pale soko la Kilombero, kichwa kinayumba kinakwenda kupiga bomba. Ajali ambayo ungetoka nayo na shingo kuuma inakuua.

"Mjomba, kwa hiyo nimepoteza gari?"

Nikamjibu kwamba amepata gari la mbio. Hakusema kitu. Aliondoka kwa bodaboda, na hilo kwangu ndilo jibu.

Alhamisi, 6 Februari

Mabomba yamefika kutoka Nairobi kupitia Namanga, matano ya mita sita, yamekuja juu ya lori la mtu aliyekuwa anarudi Arusha. Hayana mshono. Yamevutwa yakiwa baridi, kipenyo milimita 45, ukuta milimita 3. Yana mafuta juu na vifuniko vya plastiki mdomoni, na namba zimechapwa ubavuni.

Kwa nini 45 kwa 3? NHRA kwa chuma cha kawaida inataka angalau inchi 1 na 5/8 kwa ukuta wa inchi 0.118, karibu milimita 41.3 kwa 3. FIA, shirikisho la dunia la michezo ya magari, kwa tao kuu inataka 45 kwa 2.5, au 50 kwa 2, chuma kinachohimili angalau nyutoni 350 kwa milimita mraba. Bomba hili linavuka vitabu vyote viwili. Uzito wake ni kama kilo 3.1 kwa mita, na hesabu yangu ya keji nzima ni mita 21 na nusu, takriban kilo 67 bila mabamba ya sakafuni. Chuma cha kromoli kingekuwa chepesi zaidi, kwa sababu ukuta wake unaruhusiwa kuwa kama milimita 2.1, lakini kinataka TIG tu, ule uchomeleaji wa gesi ambao waya unautia kwa mkono wa pili, na mkono wangu kwenye TIG haujafika pa kumwekea mtoto wa dada ndani.

Jumanne, 11 Februari

Siku mbaya. Lawama ni yangu, naiandika kama ilivyo.

Nilipeleka bomba la kwanza kwa watu wanaokunja mabomba ya ekzosi, wenye mashine ya kusukuma kwa jeki ya mafuta. Wanakunja vizuri, kwa ekzosi. Tao likatoka, nikalisifia, nikalibeba begani. Nilipofika gereji nikaweka venia, kile kipimo cha kubana cha kupimia kipenyo, kwenye kona: upande mmoja milimita 38, upande wa pili 47 na nusu. Bomba lilikuwa limelala kwa ndani na lina makunyanzi madogo, kama kiwiko cha shati.

FIA inasema bomba likibadilika umbo pale lilipokunjwa, kipimo kidogo ukikigawa kwa kikubwa kisishuke chini ya 0.9. Langu lilitoa 0.8. Na mkunjo wenyewe, nusu kipenyo cha kona yake isiwe ndogo kuliko mara tatu ya kipenyo cha bomba, kwangu milimita 135. Ile mashine ilikunja kwa kona kali kuliko hapo. Bomba la namna hii likibanwa, pale pale penye kona ndipo linapojifunga.

Mpwa wangu aliona halina shida. Nilimpa venia, akapima mwenyewe mara tatu. Kisha akachukua grenda, akalikata tao vipande yeye mwenyewe.

Jumamosi, 22 Februari

Moshi. Kuna mzee kule aliyestaafu karakana ya kiwanda, ana mashine ya kukunja ya mkono, ile ambayo gurudumu linazunguka na bomba linajiviringisha kulifuata. Gurudumu la milimita 45 hakuwa nalo. Tulipatana wiki iliyopita, akachongesha moja kwenye mashine ya kuchonga, nusu kipenyo cha mkunjo milimita 160, mfereji wake umekaa kwenye bomba bila kucheza.

Nataka kueleza alivyofanya, kwa sababu sikuwahi kuiona kazi hii ikifanywa kwa utulivu namna hiyo. Alikuwa na debe la mchanga wa mtoni alioukaanga jana yake kwenye karai hadi ukatoa vumbi. Alichonga kizibo cha mti, akakipigilia upande mmoja wa bomba, akalisimamisha kwenye ukuta, akawa anamimina mchanga kwa kopo huku mjukuu wake akiligongagonga bomba kwa rungu la mpira kuanzia chini kwenda juu. Mchanga ulishuka, akaongeza, ukashuka tena. Ilichukua nusu saa. Bomba lilipoacha kulia kama kengele na kuanza kutoa sauti ya kitu kilichojaa, akapigilia kizibo cha pili.

"Mwanangu, bomba likiwa tupu halina cha kuegemea," akaniambia. "Mpe cha kuegemea."

Halafu akakunja, hakutia moto hata kidogo, maana keji hukunjwa baridi. Alivuta mkono wa mashine kidogo kidogo, kila mara anarudi kusoma pembe. Chuma hujirudi, ukitaka nyuzi 90 unapita hadi kama 93 ndipo unaachia. Mkunjo wa kwanza ulipotoka nilipima kabla sijauliza: 43 na nusu kwa 46. Imepita 0.9 kwa raha.

Tumekunja tao kuu na yale mabomba mawili marefu yanayopanda kwenye nguzo za kioo cha mbele na kurudi nyuma juu ya milango. Tumerudi Arusha jioni, mabomba yamefungwa juu ya paa la Noah ya rafiki, kitambaa chekundu nyuma.

Jumatano, 26 Februari

Kabla sijagusa gari nimejijaribu mwenyewe. Vile vipande vya tao lililoharibika vimepata kazi.

Kwanza nimeunga kwa fimbo zangu za kila siku, 6013, nilizochomelea nazo mageti nusu ya mtaa huu. Mshono ulikuwa mzuri wa kupigwa picha. Nikabana kwenye jiliwa, nikapiga nyundo ya kilo mbili. Pigo la nne ukaachia upande mmoja. Nilipoukata na kuusugua kwa msasa, pale chini kwenye mzizi palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele: gamba lililonaswa, na moto ambao haukupenya. Nilikaa nautazama kwa muda mrefu. Geti halibiringiki.

Hata hivyo NHRA haikubali fimbo kwenye keji. Chuma cha kawaida ni MIG au TIG. Nimekodi mashine ya MIG, ile inayosukuma waya yenyewe huku gesi ikilinda mshono, waya wa milimita 0.8, mtungi wa aragoni iliyochanganywa na kaboni dioksidi. Mchana imenisumbua. Jirani mashine za kusaga zikiwaka, umeme unashuka, moto unakohoa na waya unajikunja puani. Nimesubiri hadi saa mbili usiku, mtaa ukatulia. Kipande cha saba ndicho nilichokikubali: bomba lilipinda kwa nyundo, mshono ukabaki umeshika, na nilipoukata ulikuwa chuma kimoja hadi ndani. Kazi yote ya kuchomelea itakuwa ya usiku.

Jambo jingine lilinisumbua mkono kuliko akili. Kwenye geti, ukishamaliza unasaga mshono, unapaka puti, unapaka rangi. Mteja analipia asione palipoungwa. Kwenye keji kusaga mshono ni marufuku. Ukisaga unapunguza chuma na unaficha vitundu. Mara mbili usiku huu nimejikuta nimeshika grenda bila kujua. Nimeifungia kabatini kila ninapoanza kuchomelea.

Jumamosi, 8 Machi

Wiki mbili za midomo ya samaki. Bomba likikutana na bomba, ncha yake lazima ichongwe ilikumbatie lile jingine pande zote. Mashine ya kuchonga hivyo sina. Nachora kwenye karatasi ya manila, naizungushia bombani, napiga chaki, nakata kwa grenda, namalizia kwa tupa ya nusu duara. Kisha nalishikilia mahali pake, mpwa wangu anamulika tochi upande wa pili. Mwanga ukipita, linarudi kwenye jiliwa. Mdomo wa kwanza ulinichukua dakika hamsini. Wa juzi, ishirini.

Tao kuu limesimama, limeshikwa kwa vinukta tu. Mabomba mawili ya nyuma yanashuka kutoka karibu na kilele cha tao, si zaidi ya inchi 5 chini yake, hadi juu ya bati linalofunika magurudumu ya nyuma, kwa pembe ya zaidi ya nyuzi 30 kutoka wima. Mshazari ndani ya tao unaanzia juu ya kichwa cha dereva. Bomba la mikanda liko usawa wa mabega yake. Kanuni inaruhusu mikanda ishuke hadi inchi 4 chini ya bega, lakini mikanda ikishuka chini zaidi, gari likigonga inamvuta mtu kuelekea sakafuni, na uti wa mgongo ndio unaolipa. Bomba la mlangoni linapita kati ya bega na kiwiko. Upande wa dereva nimeweka mawili.

Milango imefungwa muda wote. Ukichomelea ikiwa wazi, bodi inajikunja na siku ya mwisho hakuna mlango unaofunga.

Jumapili, 16 Machi

Mvua zimeanza, na tumefika pale ambapo kila mtu alikuwa ananiuliza nitafanyaje. Viungo vya juu viko sentimita chache kutoka bati la paa. Chini unafika, pembeni unafika, juu mkono hauingii wala mdomo wa mashine. Wengi huchomelea robo tatu ya mzunguko na kuiacha robo ya juu. Hiyo robo hakuna atakayeiona kamwe, na ndiyo inayoangalia ardhi gari likilala kwa paa.

Kuna njia mbili: ukate paa, au uizamishe keji. Tumezamisha. Chini ya kila mguu, mahali ambapo bamba litakuja kufunika, nimetoboa sakafu. Gari liko juu ya stendi. Tukaachia keji, miguu ikapita kwenye matundu, ikashuka yote sentimita kumi na mbili kama mtu anayeingia mtoni. Juu ya viungo pakafunguka. Nilichomelea nikiwa nimejipinda ndani ya keji, kinyago kinagusa paa, kulia kidogo, kushoto kidogo, ili moto usivute upande mmoja. Saa nane usiku nilikuwa nimeuzunguka mshono wa mwisho wa juu.

Upepo wa mvua uliingia mara moja chini ya turubai ukapeperusha gesi. Nikasikia sauti ya moto imebadilika, nikasimama. Mshono ulikuwa na vitundu vitatu. Nimekitoa kiungo chote, nikakichonga upya kesho yake. Kijana aliuliza kama hatuwezi kujaza tu juu yake. Hatuwezi, vitundu vinabaki ndani.

Leo tumeinua keji kwa jeki mbili hadi miguu ikatoka kwenye matundu, tukasukuma mabamba chini ya miguu. Kila bamba ni sentimita 15 kwa 15, unene milimita 3, na yale manne ya pembeni yamekunjwa yapande hadi kwenye kizingiti. FIA inaridhika na sentimita mraba 120; haya yana 225. Nimepima mishazari kwa futi, tofauti ni milimita nne. Milango yote minne inafunga.

Jumapili, 23 Machi

Dada kaja baada ya ibada, na chupa ya chai na vitumbua. Ni mara ya kwanza kuliona gari tangu Desemba. Alizunguka, akaingiza mkono dirishani, akaliwekea kiganja bomba la mlangoni na kulisukuma kwa uzito wake wote. Halikutikisika. Kisha akauliza swali ambalo katika miezi miwili hakuna kati yetu aliyeliuliza.

"Mdogo wangu, akipinduka kichwa chini, gari linawaka, anatokaje humu?"

Tumefanya papo hapo. Kijana ndani, helmeti, mikanda ya kuazima, macho yamefungwa kwa kitambaa. Nikapiga saa. Sekunde 23. Magoti yalikwama chini ya stelingi, na mguu wa kushoto ukanasa kwenye bomba la mlangoni. Dada alisimama pembeni ameshika vidole vyake.

Amerudia hadi jua likazama. Tumejua mpangilio: mikanda, mkono wa kulia kwenye bomba la juu, kiuno kwanza, miguu mwisho. Tumefika sekunde 11. Bila stelingi ya kuchomoka hatutashuka zaidi, basi tumeiagiza. Fedha yake ilikuwa ya rangi ya gari. Rangi itasubiri.

Jumamosi, 5 Aprili

Stelingi imefika na imefungwa. Sekunde 7.

Sehemu zote ambazo helmeti inaweza kugusa nimezivalisha sponji ngumu ya mbio, yenye kiwango cha 45.1 cha SFI, shirika la viwango vya vifaa vya mbio. Watu walinishauri ya godoro, ipo tele na bei nafuu, lakini ile ukiibonyeza kwa kidole unagusa chuma. Hii ukiibonyeza kwa kidole gumba inakukatalia. Mtungi wa kuzimia moto umefungwa pale mkono wa dereva unapofika. Keji nimeipaka rangi moja nyembamba ya kijivu, ili ufa ukitokea uonekane, na mishono yote iko kama ilivyotoka motoni. Mikanda yetu yenyewe bado iko njiani, na hadi ifike gari halitoki hapa.

Kitu cha mwisho nimekifanya peke yangu, kijana akiwa ameshaenda. SCCA, chama kingine cha mbio huko Marekani, kinataka bomba la keji liwe na tundu dogo la inchi 3/16 mahali pasipobeba nguvu, ili mkaguzi aweze kupima unene wa ukuta. Mkaguzi kwetu hajaja. Nilichagua mahali chini ya tao, upande wa abiria, nikatoboa kwa drili, nikapuliza vinyweleo vya chuma, nikaingiza ncha ya venia. Milimita 3.0. Nimelipaka tundu lile mafuta kidogo ndani lisishike kutu, nikaliacha wazi.